Bakuli la Saa Nne

Kaka yangu alitupatia miezi mitatu kabla ya kuufunga mgahawa, na alisema hivyo kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. Alikaa kwenye kiti cha mgahawa wetu, akamshika mama mkono, akasema magoti ya mama yamechoka, wateja wenyewe ni wa kuhesabu kwa vidole, na kuna fundi simu anayekitaka chumba hata kesho. Jengo aliliacha marehemu baba na msimamizi wake ni kaka, kwa hiyo hatukuwa na pa kukata rufaa.

"Ukija kwangu utapumzika, mama," alisema. "Kochi lipo, televisheni ipo, wajukuu wapo."

Mama aliitikia kwa kichwa huku akifuta meza iliyokwisha kufutwa mara mbili. Mimi ninayemjua niliona mikono yake ilivyokuwa inatafuta kazi. Niliwahi kumwona bila jiko, zile wiki mbili alizolala na homa mwaka uliopita, amekaa kitandani mikono mapajani, hasemi, haulizi, anatazama ukuta tu. Wiki mbili zile zilinitosha. Mama yangu akikalishwa kwenye kochi hamalizi mwaka, na kaka kwa mapenzi yake yote hakuliona hilo.

Basi nikaacha kazi yangu ya kuuza katika duka la vitambaa, nikavaa aproni. Mimi si mtu wa subira. Nikishika jambo nalishika hadi watu wananikimbia. Nilisoma kwenye simu kila kilichoandikwa juu ya kutangaza mgahawa kwa mtu asiye na fedha za matangazo, nikaandika njia kumi na mbili kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani, nikalitundika kwa kamba pembeni ya kidirisha cha kupitishia sahani. Mama alilitazama daftari lile kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na sanduku kubwa.

Njia ya kwanza ilikuwa ubao wa chaki nje ya mlango. Ya pili, kadi ya mihuri: ukila mara tisa, ya kumi tunakukaribisha. Ya tatu niliipenda kuliko zote. Saa tano asubuhi niliweka kikaango cha vitunguu karibu na mlango, nikawasha feni nyuma yake, harufu ikatoka hadi barabarani ikawakuta watu kabla njaa haijawakuta.

"Inafika?" mama aliniuliza kutoka jikoni.

"Inafika mpaka kwa mwenye duka la dawa, mama. Huisikii?"

"Naisikia," akasema, akatabasamu kidogo, kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Kila siku nilihesabu vichwa. Siku ya kwanza kumi na moja, ya pili kumi na tatu, ya tatu tisa. Nikimwona mtu amesimama mbele ya ubao anasoma, kisha akaondoka, nilimchukia kabisa, mtu wa watu ambaye hajanikosea lolote. Nilikuwa roho juu tangu nafungua mlango hadi naufunga, na mwezi mmoja ukaisha hivyo hivyo.

Halafu kulikuwa na fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa na kibanda chake cha mbao chenye magurudumu hatua mbili kutoka mlangoni petu, na kila siku saa nne kamili, kabla hatujapakua kwa mtu yeyote, aliingia, akaketi meza ya mbele, ile ya dirishani. Mama alimpitishia bakuli la mchuzi au la maharage, chochote kilichokuwa jikoni, na chai. Halipi. Hakuna aliyemwambia alipe. Alikula vijiko vitatu vinne taratibu, macho juu darini kama mtu anayekumbuka deni, na alikuwa na tabia moja iliyonikera hadi kwenye mifupa: akimaliza kuonja, aligonga kijiko kwenye ukingo wa bakuli. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara mbili. Ngo, ngo. Kisha akaendelea na chai yake na aproni yake inayonuka gundi.

Njia ya saba katika daftari langu ilisema hivi: meza ya mbele ndiyo tangazo lako la bure, mpita njia hutazama nani amekaa hapo kabla ya kutazama bei. Na sisi tangazo letu lilikuwa mzee mwenye vidole vyeusi anayegonga bakuli.

Nilimwambia mama. Mama, mtu mpole aliyekuwa anaomba radhi hata kwa kuku kabla ya kumchinja, alinikata jicho.

"Fundi mwache alipo."

"Anakula bure kila siku, mama. Na sura ya meza je?"

"Nimesema mwache."

Nikamwacha shingo upande. Nilidhani ni huruma, au mazoea ya wazee. Niliona vingine pia nikavipa maelezo ya haraka haraka. Asubuhi moja maziwa yaliungua jikoni, nikasikia harufu nikiwa nje na chaki mkononi, nikakimbia, nikamkuta mama amesimama pembeni ya sufuria inayofuka moshi anachambua maharage, ametulia kabisa. Nikasema moyoni, kweli uzee unakuja. Nikazima jiko nikarudi kwenye ubao wangu.

Mwezi wa pili ulipokaribia kuisha, ofisi ya bima ikahamia jengo la ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi hamsini na wanne. Niliwahesabu siku ya kwanza wakishusha viti. Hamsini na wanne wenye matumbo, kila siku ya kazi. Njia ya tisa: wapelekee majirani waonje. Nilivuka barabara na gauni langu la sherehe, nikamkuta karani anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno.

"Tunatafuta mahali pa kula mchana," aliniambia. "Leta chakula cha watu kumi na wawili Alhamisi saa sita. Tukikipenda, tunaanza Jumatatu. Tusipokipenda, dada, usinifuate kwenye ngazi."

Nilirudi nikiwa karibu kuruka. Mama aliposikia, akakaa kwenye kigoda.

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi hii. Sufuria moja ya maharage, moja ya nyama, wali. Mama, bahati yetu ndiyo hii. Kaka akija akute watu wamepanga foleni atasema nini?"

"Tungewaita waje hapa kwanza," akasema. "Mmoja mmoja."

"Wakubwa hawaitwi mmoja mmoja."

Akasimama, akaanza kufuta kigoda alichokuwa amekalia. Nilikasirika. Niliona kama nabeba mzigo peke yangu na mwenye mzigo anauvuta nyuma. Na hasira ile ikatafuta mtu wa kumshukia, ikampata fundi viatu. Wafanyakazi wa bima walikuwa wanapita mbele ya dirisha letu asubuhi nzima. Jumatano alipomaliza bakuli lake nilimfuata mezani, nikahakikisha mama yuko uani anamwaga maji.

"Fundi, kuanzia kesho meza hii nina wageni."

"Wageni wa saa nne?"

"Wa saa zote. Na chakula cha kugawa hakitakuwepo tena. Utuelewe, tunajaribu kujenga biashara."

Akaweka kijiko chini. "Mama anajua?"

"Mimi ndiye nasema."

Alikitazama kidirisha cha jikoni kwa muda, nikadhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alisimama, akafuta pale bakuli lilipoacha alama kwa ukingo wa aproni, akatoka. Mchana nilimwona akisukuma kibanda chake kukipeleka kona ya pili, karibu na duka la dawa. Nilijiambia ni afadhali. Niliweka chupa yenye maua kwenye meza ile, nikaipiga picha.

Alhamisi mama alianza kuniita kabla ya saa nne.

"Fundi amekuja?"

"Bado."

Saa nne na dakika kumi: "Fundi amekuja?"

"Ana viatu vingi leo, mama." Uongo ulinitoka bila kigugumizi.

Saa nne na nusu alichungulia mwenyewe kidirishani, akaona maua. Nilisikia anafungua kopo la chumvi, analifunga, analifungua tena. Nilikuwa napanga vyombo kwenye kapu, nahesabu vijiko, saa inakimbia, na kila dakika namwona yule karani akitazama saa yake. Saa tano na robo mama alinisogezea kijiko chenye mchuzi.

"Onja."

Simu ilikuwa sikioni, namwomba msichana wa saluni ya jirani aje kunisaidia kubeba. Nilikiweka kijiko pembeni.

"Umeonja?" mama aliuliza baadaye. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeonja, mama. Tamu."

"Kweli tamu?"

"Tamu kama siku zote. Funika, tunachelewa."

Nimekirudia kijiko kile kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia jambo lolote maishani mwangu. Kilikuwa pale, mkononi. Kilihitaji sekunde mbili.

Chumba chao cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na kiyoyozi. Nilipakua mwenyewe, natabasamu hadi mashavu yanauma. Karani alichukua kijiko cha kwanza, akaacha kutafuna, akakiweka kijiko chini taratibu sana. Akavuta glasi ya maji. Kijana wa pembeni yake alikohoa. Mwingine akasema, "Hii ni dawa ya jino," wakacheka, si kwa ubaya, na hicho kicheko kisicho na ubaya ndicho kilichonimaliza. Hakuna aliyemaliza nusu sahani. Karani alinisindikiza hadi mlangoni.

"Asante kwa kujitahidi, dada," alisema.

Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, niliweka kapu chini nikafunua sufuria ya maharage. Nilionja kwa kidole. Chumvi ilinikunja ulimi hadi machozi yakanitoka. Nikaonja nyama. Vile vile. Nikakaa pale kwenye ngazi, watu wakinipita na mafaili yao, na kitu kimoja baada ya kingine kikaanza kunirudia: maziwa yaliyoungua, "inafika?", kopo la chumvi linalofunguliwa na kufungwa, kijiko kinachogongwa.

Nilipoingia jikoni mama alikuwa ameketi. Mikono ilikuwa mapajani. Aliona kapu lilivyonivuta bega akajua.

"Chumvi?" aliuliza.

"Nyingi."

"Nilisahau kama nimetia. Nikatia tena." Akalisukuma kopo la chumvi kando. "Ulisema umeonja."

Nilitamani anipige.

Akanieleza basi, akiangalia sakafu. Homa ya mwaka uliopita iliondoka na ulimi wake na pua yake. Kila anachotia mdomoni ni maji ya uvuguvugu. Alikwenda zahanati kimya kimya, wakamwambia asubiri, huenda vitarudi, havijarudi. Alipika kwa kumbukumbu na kwa kijiko cha kupimia, lakini nyanya za leo si za jana, na mkono wenye hofu husahau. Siku moja fundi viatu alimnong'oneza kwamba mchuzi umechacha. Tangu siku hiyo akawa anakuja saa nne. Kijiko mara moja, chakula kiko sawa. Mara mbili, ongeza chumvi. Mara tatu, usipakue, kuna kosa. Mwaka mzima, bila kukosa siku, bila kumwambia mtu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe una mdomo. Kaka yako angejua kabla ya jioni, na leo ningekuwa kwenye kochi." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Na wewe ukiwa na haraka, mwanangu, kila kitu kwako ni kitamu."

Nilivuka hadi kona ya duka la dawa na aproni bado mwilini. Fundi alikuwa anashona soli ya kiatu cha shule. Nilisimama. Hakuinua kichwa. Nilisema nimekosa, nikasema sikujua, nikasema mama amenieleza, na kila nilichosema alikivutia uzi. Alipofika mwisho wa soli akakata uzi kwa meno.

"Leo kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Chumvi mara mbili."

Akafunga macho kidogo, kama mtu aliyepigwa yeye. "Nilijua atababaika. Nilikaa hapa nasema niende, nisiende. Nimefukuzwa, nitaingiaje?"

"Fundi, kesho uje. Nakuomba."

"Kibanda kina magurudumu mabovu," alisema. "Utanisaidia kusukuma."

Nilisukuma. Watu wa bima walikuwa wanatoka kazini na kuniona nimeinama nyuma ya kibanda cha viatu, na sikuona aibu. Aibu yangu nilikuwa nimeshaitumia yote mchana.

Kesho yake nilimrudia karani, nikamsubiri chini, mbali na ngazi kama alivyoagiza. Sikumwomba nafasi nyingine. Nilimwambia tu kwamba saa nne, kabla hatujapakua, tunaweka mabakuli ya kuonja kwenye meza ya mbele. Aje aseme mwenyewe kilichopungua, kitarekebishwa akiwa amekaa pale.

"Kwa hiyo mnataka niwafundishe kupika?"

"Tunataka useme ukweli. Ukigonga kijiko mara mbili, jikoni wataongeza chumvi. Mara tatu, sufuria haitoki."

Nadhani ni udadisi uliomleta Jumatatu. Aliketi mkabala na fundi viatu, akavaa miwani, akaonja. Fundi aligonga mara mbili. Karani akamtazama, akaonja tena, naye akagonga mara mbili, kwa haya, kama mtoto anayejaribu kengele ya watu. Jikoni kopo la chumvi likafunguka. Bakuli la pili lilipokuja akaonja, akasema "Eh," akacheka peke yake. Saa saba akarudi na wenzake sita, na siku iliyofuata wawili kati yao wakataka nao wagonge.

Njia hiyo haikuwa katika daftari langu. Ilitugharimu mabakuli manne na vijiko. Watu walipita wakisimulia kuna mahali mpishi anakusikiliza kabla hujalipa, wakaja kugonga, wakarudi kula. Nilifuta ubao nikaandika: ONJA SAA NNE. SEMA UKWELI. Vichwa vikafika thelathini, arobaini, siku moja hamsini na tatu. Nilipaswa kulala vizuri. Sikulala. Zamani niliogopa wasije. Sasa niliogopa mmoja wao mwenye akili aulize kwa nini mpishi haonji mwenyewe.

Kaka alikuja siku ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa nne kasoro, bila taarifa. Fundi alikuwa ameshakaa. Karani alikuwepo na wengine wawili. Kaka akatazama huku na huku, akakosa pa kukaa ila ile meza ya mbele, na kabla sijapata la kufanya karani alikuwa amemsogezea bakuli anamfundisha sheria.

Nilisimama kidirishani. Upande wa pili mama alikuwa ameishika meza kwa mikono yote miwili. Tulimsikia kaka akitafuna. Kaka ni mtu wa kuchukua muda.

Akagonga mara mbili.

Fundi alisubiri kidogo, naye akagonga mara mbili. Mama akafungua kopo, akapima, akakoroga, akapitisha bakuli jipya. Kaka akaonja, akafuta mdomo.

"Fundi simu nitamtafutia pengine," alisema, sauti imemlegea. "Nilikuwa nadhani mama amechoka. Nimesema chumvi ndogo, amepatia kipimo kile kile, bila kuuliza. Hakuna kilichopungua kwake. Ulimi wake ule ule."

Fundi viatu aliinamia bakuli lake. Mimi nilifungua mdomo, huu mdomo wangu, nikaufunga tena.

Mama alinyoosha kijiko kupitia kidirisha. Kilikuwa na mchuzi wa mchana, wa watu hamsini.

"Onja," akasema.

Nikaonja. "Tamu, mama."

Aliendelea kukishika kile kijiko, ananitazama machoni. Nikaonja tena kilichobaki, mbele yake, taratibu, nikameza, nikafikiri.

"Bado kidogo," nikasema. "Ongeza chumvi, robo kijiko."

Akageuka, akaongeza.